Nani Aambiwe, na Aambiwe Nini

Swali aliliuliza mwalimu wa darasa, tena kwa nia njema: "Mama, wenzake tuwaambie au tunyamaze?" Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Ripoti ya uchunguzi ilikuwa imetoka karibuni, ikithibitisha kwa maandishi kile tulichokuwa tukikihisi nyumbani kwa muda mrefu, kwamba ana usonji (autism), na darasani maneno yalikwisha kuanza. Mwalimu alitaka ndiyo au hapana. Nami nilitaka hivyo hivyo. Mtu aliyechoka hupenda swali lenye majibu mawili tu.

Tangu hapo wazazi wenzangu kadhaa wameniuliza swali hilo hilo, na kila mara najikuta siwezi kulijibu jinsi lilivyoulizwa. Nitaeleza yaliyotukuta sisi, hata yale ambayo hayakwenda tulivyopanga.

Kwanza mumfahamu mtoto mwenyewe. Usonji wake si ule unaouona tangu mlangoni. Anaongea vizuri, anasoma vitabu vya watoto waliomzidi umri, hafanyi fujo. Ila ukimgusia miezi ya sayari umekwisha: ataanza na ile minne ya Mshtarii aliyoiona Galileo mwaka 1610, atahamia Zohali, na hataona kwamba umeshaangalia pembeni mara kadhaa ukitafuta pa kutokea. Ratiba ikibadilika bila taarifa, anaganda. Akiguswa ghafla kwa nyuma, anasukuma kwanza na kuangalia baadaye. Kelele za darasa zinamchosha mwili kabisa. Na siku nzima anafanya kazi ambayo wenzake hawaifanyi: anawatazama wanavyocheka, wanavyosimama, wanavyokatizana maneno, kisha anaiga. Akirudi nyumbani hana kitu kilichobaki. Analala sakafuni mlangoni na begi mgongoni.

Watoto wa kike wa namna hii huchelewa kugunduliwa. Daktari wa akili Leo Kanner alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 aliowachunguza, wanane walikuwa wavulana na watatu tu wasichana, na kwa miaka mingi baadaye wataalamu waliendelea kutafuta usonji kwa wavulana. Mtaalamu wa kwanza tuliyempeleka alituambia ana haya tu, atakua ataacha. Hatukurudi kwake.

Naeleza haya kwa sababu ndiyo yaliyotupa nafasi ya kuchagua. Mzazi ambaye mtoto wake hasemi kwa mdomo, au hupunga mikono na kuruka anapofurahi, haulizwi na mtu kama atawaambia wenzake. Wanaona, na wanajisemea wanachotaka. Sisi tungeweza kunyamaza mwaka mzima na pengine tusingeulizwa kitu. Hilo lilifanya uamuzi uwe mgumu zaidi, maana kunyamaza kulikuwa kunawezekana.

Baba yake alikataa katakata. Hoja yake ilikuwa fupi: neno likishatoka halirudi. Daktari ametupa ripoti sisi wazazi, hakuipeleka kwa darasa zima. Watoto hawa watakua, watakutana naye vyuoni na kazini, na kila mmoja atakuwa amebeba taarifa ya mwenzake ambayo mwenzake hakuitoa. Leo unamwambia mtoto wa miaka tisa, kesho yuko kwenye simu ya mama yake, kesho kutwa kwenye kundi la wazazi wote. Sikuwa na jibu kwa hilo, na mpaka leo sina. Alikuwa sahihi.

Lakini nami nilikuwa na langu. Kunyamaza hakukuwa kumewaacha watoto bila maelezo. Walikuwa nayo tayari, ya kwao wenyewe. "Anaringa." "Kadekezwa." "Ana wazimu kidogo, usikae naye." Mtoto akiona jambo asilolielewa hutafuta sababu, na sababu iliyo karibu ni tabia mbaya. Binti yangu alikuwa anakataa kushikwa mkono kwenye michezo, basi akawa mtu wa nyodo. Alikuwa anaziba masikio wakati wenzake wanaimba, basi akawa anawadharau. Niliona kwamba tulichokuwa tunachagua ni kati ya maelezo yetu na ya kwao.

Nilisoma kila nilichoweza. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake nchini Marekani walitoa matokeo yaliyonikosesha usingizi: watu wasio na usonji walionyeshwa vipande vifupi vya video vya watu wazima wenye usonji, na ndani ya sekunde chache wakawa wamekwisha kuamua kwamba wasingependa kukaa nao wala kuzungumza nao. Walipopewa maneno yale yale kwenye karatasi tu, bila sura wala sauti, hukumu ile ilitoweka. Yaani shida haikuwa kile kilichosemwa. Mwaka 2019 Sasson na Kerrianne Morrison wakaonyesha kwamba watazamaji wakiambiwa mtu huyu ana usonji, wanampokea vizuri zaidi, hasa kama wao wenyewe wana uelewa wa usonji. Nilimpelekea baba yake kama mtu aliyeshinda kesi. Akasoma mpaka mwisho, akanirudishia: "Hawa ni watu wazima wanaotazama video za watu wasiowajua. Wetu ana miaka tisa na anakaa dawati moja na watu hao mwaka mzima." Ndivyo alivyo, hasomi nusu.

Tukavutana hivyo mpaka mwanasaikolojia aliyemfanyia uchunguzi akatuuliza swali moja: "Yeye mwenyewe anajua?"

Hakuwa anajua. Alijua amepelekwa kucheza na vibao na kujibu maswali, na kwamba mama huyo alikuwa na saa nzuri ukutani. Basi. Tulikuwa tunajadili kama watoto thelathini na kitu waambiwe jambo ambalo mwenye nalo bado. Mjadala wa darasa ukawekwa kando papo hapo.

Tulimwambia Jumamosi asubuhi, bila kumwandaa kama mtu anayepewa habari za msiba. Nilimweleza yale anayoyajua tayari kuhusu mwili wake, sauti, kuguswa, kuchoka, halafu nikamwambia kwamba mkusanyiko huo una jina na kwamba watu wengine wanao. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi. Yeye akauliza, "Wangapi?"

Nilikuwa na takwimu ya Shirika la Afya Duniani kichwani: kwa makadirio ya mwaka 2021, karibu mtu mmoja kati ya 127. Akaondoka. Akarudi na karatasi. Shule yao ina wanafunzi mia sita na kitu, amegawanya. "Tuko kama watano," alisema. "Hao wengine wanne ni nani?"

Nikamwambia sijui, na kwamba hesabu ya dunia nzima haiwezi kukuambia shule yako ina wangapi hasa. Na hata kama wapo, pengine hawapendi wajulikane, au nao hawajui. Akafikiri. "Kwa hiyo mtu anaweza kuwa nao na asiseme." Ndiyo. "Na anaweza kusema." Ndiyo pia. Ukitaka kujua somo letu lote la mwaka ule lilikuwa nini, lilikuwa hapo, na alilitoa yeye kwa hesabu ya kugawanya.

Baadaye nilikuta utafiti wa Tomisin Oredipe na wenzake wa mwaka 2023, uliowahoji wanafunzi wa vyuo vikuu wenye usonji: waliojua habari zao wakiwa wadogo walikuwa na hali bora zaidi ya maisha ukubwani kuliko waliochelewa kujua. Sikuuhitaji ili kuamua, lakini ulinituliza, maana jamaa wawili watatu walikuwa wamenilaumu kwamba nimemvisha mtoto mzigo mapema.

Sasa swali likarudi, safari hii mwenyewe akiwa mezani. Baba yake, ambaye anapenda vifungu, alileta Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 16, inayolinda faragha ya mtoto. Mimi nikamfungulia ibara ya 12, inayompa mtoto haki ya kutoa maoni katika jambo linalomhusu, na maoni hayo yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Tukagundua kwamba tukizisoma zote mbili pamoja, hakuna hata mmoja wetu aliyeshinda.

Kumuuliza mtoto nako kuna namna yake. Ukimwuliza, "Unataka wenzako waambiwe?" atakujibu "sijui," au atakutazama usoni na kukupa jibu unalolitaka. Binti yangu hutoa "sijui" kwa kila swali kubwa. Mwanasaikolojia alitushauri tulivunje swali vipande vipande: nani ajue, ajue nini, nani aseme, wewe uwepo au usiwepo, na mtu akikuuliza baadaye ufanye nini. Tukaandika kila kimoja kwenye karatasi na machaguo yake, naye akaweka alama. Majibu yalitushangaza. Walimu wote wajue kila kitu. Darasa lijue kuhusu sauti na kuguswa, lakini jina la usonji lisitajwe. Mwenyewe asiwepo, akae maktaba. Na msemaji awe mwalimu, si mama. Nilimwuliza kwa nini si mimi. "Wewe utalia."

Sikubishana.

Upande wa walimu ndio ulikuwa mwepesi, kwa hiyo nitaupita haraka. Mtu mzima anayemhudumia mtoto anahitaji kujua, awe mwalimu wa darasa, wa michezo au anayeshika kipindi siku mwalimu mwingine akiugua. Hao waambiwe jina, waambiwe dalili za kuzidiwa, na waambiwe la kufanya. Ukiwaficha, mtoto ataadhibiwa kwa kuganda.

Kilichotuchukua muda ni karatasi ya kulisomea darasa. Niliandika mimi rasimu ya kwanza, na niliiona nzuri sana. Ilisema ubongo wake unafanya kazi kwa namna tofauti, lakini ana akili nyingi, ana kipaji cha sayansi na ana moyo mzuri. Nikampa asome. Akachukua kalamu na kufuta karibu yote. "Moyo mzuri si kila siku," alisema. "Na kipaji sina, najua miezi tu." Kisha akaandika ya kwake:

Nasikia feni, viti, kalamu zenu na mwalimu kwa pamoja, na vyote vina sauti sawa.

Ukitaka kunigusa, niite kwanza.

Nikiziba masikio sijakasirika.

Nikiongea sana kuhusu sayari, sema inatosha.

Nimeirudia karatasi ile mara nyingi kichwani. Sifa zangu zilikuwa za kumtetea, kana kwamba nimepeleka mtoto mahakamani na ninaomba apunguziwe adhabu. Ukisema "ana usonji lakini ana akili," umeshawafundisha watoto kwamba asiyekuwa na akili nyingi wamcheke. Na umempa mtoto wako kazi ya kuwa na kipaji mpaka amalize shule. Wapo watoto wenye usonji wenye vipaji vya ajabu, na wapo wasio na kipaji chochote cha kutangaza, kama watoto wengine wote. Sentensi za binti yangu hazikumsifu mtu. Zilimwambia mwenzake afanye nini kesho saa nne asubuhi, na mtoto wa miaka tisa anaweza kulitumia hilo.

Mwalimu akawasomea, binti yangu akiwa maktaba. Baadaye alinipigia kunieleza walivyouliza. Inaambukiza? Hapana. Atapona? Si ugonjwa wa kupona, ndivyo alivyozaliwa. Halafu likaja swali ambalo sikulitegemea: kwa nini yeye anaruhusiwa kuvaa hedifoni za kuzuia kelele na sisi haturuhusiwi?

Hilo ndilo swali la kweli la watoto. Kwa umri wao, kitu kikubwa kuliko vyote ni nani kapewa na nani kanyimwa. Jina la daktari haliwasumbui, upendeleo unawasumbua. Mwalimu, Mungu amjalie, alijibu kwamba yeyote anayeona kelele zinamzuia kusoma aje amwambie, naye atatafutiwa njia. Wawili walikwenda. Mmoja alihamishiwa mbali na mlango, na mwingine alitaka tu kujaribu hedifoni, akazivaa, akazichoka. Baada ya hapo hakuna aliyeulizia tena. Kama ningekuwa na la kumshauri mwalimu yeyote kabla ya siku kama hiyo, ningemwambia aandae jibu la swali hilo kabla ya yote.

Mambo yakatulia kidogo. Mwenzake wa dawati akawa anamwita kabla ya kumgusa, tena kwa sauti ya kupiga kengele, wakageuza mchezo. Wapo waliosema "inatosha" kwa raha zote, hata alipokuwa hajaanza. (Alikuwa ameandika hatakasirika. Alikasirika.)

Ila kueleza bila kutaja jina kuna upungufu wake, nao ulijitokeza baada ya muda. Watoto walijua afanyiwe nini, hawakujua ni kwa nini, na pengo hilo nalo wakaanza kulijaza. Ana ugonjwa wa masikio. Alianguka akiwa mdogo. Mama yake ndiye anayetaka hivyo. Kisha tukaikaribia tarehe 2 Aprili, Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Usonji. Umoja wa Mataifa uliipitisha Desemba 2007, ikaanza kuadhimishwa mwaka 2008. Mwalimu akaniambia amepanga kipindi kifupi kuhusu usonji kwa ujumla, bila kumtaja mtu. Nikaona wazi kitakachotokea: atafika kwenye sauti na kuguswa, na vichwa vyote vitageuka upande mmoja.

Tukamweleza binti yetu mapema, tukarudia karatasi ya machaguo. Kipindi kifanyike au kisifanyike? Uwepo? Lisemwe jina lako? Akasema anataka kufikiri. Baba yake akaandaa mapendekezo, mimi nikaandaa mapendekezo, mwanasaikolojia akatupa maneno ya kutumia. Wakati sisi tunaandaa, yeye wakati wa mapumziko akamwambia mwenzake wa dawati, katikati ya mchezo, kwamba hicho kitu kinaitwa usonji na yeye anao, na kwamba hiyo ni siri. Kufika mwisho wa siku darasa zima lilikuwa linajua.

Baba yake hakusema "niliwaambia." Namshukuru kwa hilo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumfariji mtoto aliyesalitiwa, lakini kilichomuudhi hakikuwa siri kuvuja. Kilichomuudhi ni kwamba mwenzake alitangaza "ana usonji kidogo." "Ama ninao ama sina," alilalamika chakula cha jioni kizima. Usaliti aliusamehe kwa hoja kwamba siri ile ilikuwa nzito kwa mtu mmoja. Sikutegemea hoja ya namna hiyo kutoka kwa mtoto ambaye vitabu vingine vinadai hawezi kujiweka kwenye nafasi ya mwenzake. Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika mwaka 2012 kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao ni kwa pande mbili, kila upande unashindwa kumsoma mwenzake. Pale mezani ni mimi niliyekuwa nimemsoma vibaya.

Baada ya jina kujulikana, dhihaka ilikuwepo lakini ilikuwa ndogo kuliko nilivyoogopa. Mvulana mmoja alimwita mwenzake "usonji wewe" alipokosa goli, mwalimu akalishughulikia siku ile ile, na kwa kuwa neno lilirushwa kwa mtu mwingine, binti yangu aliliona kama kosa la ukweli tu: yule hana.

Kilichotusumbua zaidi ni wema. Msichana mmoja alimchukua kuwa mtoto wake. Akawa anambebea begi, anamjibia maswali, anawafukuza wengine: "Msimsumbue, ana usonji." Mwalimu alimpongeza mbele ya darasa, mama yake akanitumia ujumbe wa furaha. Wote walikuwa na nia safi. Binti yangu akaanza kunyamaza darasani, kwa kuwa kila akifungua mdomo kuna mtu anamsemea. Dhihaka unaweza kuishtaki. Wema wa namna hii ukiushtaki unaonekana huna shukrani. Tulilimaliza kwa kumwomba mwalimu awape kazi ya pamoja ambayo binti yangu ndiye anayejua na yule mwingine ndiye anayejifunza. Alichagua miezi ya Zohali, bila shaka. Baada ya vipindi kadhaa vya kusikilizishwa habari za Titani, yule msichana alichoka kuwa mama, akabaki mwenzake wa kawaida, wakati mwingine hata adui wa kawaida. Nilifarijika walipogombana.

Kwa wazazi ikawa habari nyingine. Nilifikiri ninaamua kuhusu watoto, kumbe kila mtoto ana watu wazima nyuma yake. Mmoja aliandika kwenye kundi akiuliza kama ni kwa sababu ya chanjo. Nilimjibu palepale kwamba madai yale yalianzia kwenye makala ya aliyekuwa daktari, Andrew Wakefield, ya mwaka 1998, yenye watoto 12 tu, na jarida la kitabibu la Lancet, lililoyachapisha, liliyafuta mwaka 2010. Mwingine akanitumia tiba ya kuondoa sumu mwilini, hiyo sikuijibu. Wengi walikuwa waungwana. Mama mmoja aliuliza mapema, kabla ya sherehe ya mwanawe, kama muziki upunguzwe na kama kuna chumba cha pembeni kitafaa, na sijui kama anajua alivyonipa usingizi usiku ule. Na mwingine alinipigia akaanza kuzungumzia mambo ya shule, akazunguka, akazunguka, mpaka akafika kwa mwanawe na maswali ambayo nami niliwahi kuyauliza. Nikamsikiliza. Simu ile haikumfikia mtu mwingine nyumbani kwetu, hata mwenye hesabu yake ya wanne.

Kuna mtu mmoja ambaye kwenye karatasi zetu zote za machaguo hakuwemo. Kaka yake yuko shule hiyo hiyo, madarasa mawili mbele. Habari ilipotoka darasa la dada yake ilipanda ngazi, na yeye ndiye aliyesimamishwa uwanjani: dada yako ana nini? Nawe unao? Alirudi nyumbani amefura. Kuulizwa hakukumuudhi sana. Kilichomuudhi ni kwamba dada yake amepewa karatasi, mwalimu amepewa maneno ya kusema, sisi tuna mwanasaikolojia, na yeye hakupewa chochote. Alikuwa amejibu "hana kitu," kisha akajihisi amesema uongo.

Tulikaa naye peke yake. Nilimpa sentensi ndefu ya maelezo, akaikataa kwa dharau ya mtoto wa miaka kumi na moja. Baba yake akampa fupi, akaikataa pia. Mwisho akachagua ya kwake: "Muulize mwenyewe." Dada yake aliridhia, kwa sharti kwamba wasije wakati anasoma. Nikimkuta mzazi anayejiandaa kuliambia darasa, namwuliza kwanza kama mtoto ana ndugu shuleni hapo. Kuwaambia wenzake wa mmoja ni kuwaambia wenzake wa wote, na huyo wa pili ana haki ya kujua siku na saa kabla uwanja haujajua.

Nimeulizwa pia kama ningeshauri kutaja jina au kutolitaja. Kwa mtoto mdogo asiyejua bado habari zake, silitaji kwa mtu yeyote ila wanaomhudumia. Kwa mtoto anayejua, swali ni lake, na jibu lake linaweza kubadilika baada ya mwezi, jambo ambalo wazazi hatulipendi kwa sababu tunapenda uamuzi ukae. Kwa mtoto anayeonewa kila siku ningeharakisha zaidi kuliko sisi tulivyofanya, lakini nisingetegemea jina peke yake limkinge. Uonevu ni kazi ya walimu kuukomesha, awe na ripoti au asiwe nayo. Na kama shule yenyewe bado inaamini mtoto wa namna hii ni wa kuchapwa au wa kuhamishwa, ningeingia kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu na kufunga mlango, tuongee, kabla mtoto yeyote hajaambiwa lolote.

Mwaka uliofuata madarasa yalichanganywa upya. Nusu ya wenzake wapya walikuwa wanajua na nusu hawajui, na kwa hiyo yale ya kuamua nani ajue yalikuwa yameshaponyoka mikononi mwetu, kama baba yake alivyosema tangu mwanzo. Tukamletea karatasi ya machaguo. Akaitazama, akaweka alama moja tu: walimu. Kuhusu darasa aliandika, "Wanaojua wanajua." Nilimwuliza kama wale wasiojua wakimwuliza atasema nini. Alisema itategemea nani anauliza na kama anauliza ili ajue au ili acheke, na kwamba tofauti hiyo sasa anaweza kuiona, si mara zote, lakini mara nyingi kuliko zamani.

Ameandika upya na ile karatasi ya maelezo, kwa ajili ya mwalimu mpya. Sentensi ya feni na viti ameiacha. Ya sayari ameifuta, kwa kuwa sasa ni volkano. Ameongeza kwamba kazi za vikundi vya watu wanne anaziweza na za watu saba haziwezi, na kwamba akiomba kutoka nje aruhusiwe bila kuulizwa sababu mbele ya watu. Chini kabisa, kwa herufi kubwa na mstari mara mbili, ameandika kwamba karatasi hii ni ya mwalimu peke yake na isisomwe kwa sauti.